Clemens Denhardt: Kijana wa Zeitz aliyesogeza ramani ya Garissa

IKIWA wewe ni kijana wa Garissa, Wajir au Mandera, bila shaka umesikia wenzako wakizungumzia Ujerumani. Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa ajira na uhamiaji jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, wengi wanawaza kujifunza Kijerumani, kupata cheti na kupanda ndege. Kuna wanaotaka uuguzi, kuna wanaotaka ufundi, na kuna wanaotaka tu kutembea waone dunia.

Basi siku ukifika huko, usiishie Berlin na Munich pekee. Kuna mji mdogo unaoitwa Zeitz, takriban kilomita 40 kusini mwa Leipzig, katika jimbo la Saxony-Anhalt. Watalii wengi wanaupita bila kuuangalia. Lakini mtu anayetoka ng'ambo ya Mto Tana ana sababu ya kushuka kwenye treni pale. Katika mji huo alizaliwa Clemens Denhardt, na bila yeye huenda leo Garissa isingekuwa Kenya.

Mbona basi hatumfahamu? Vitabu vyetu vya shule vinamtaja kwa mstari mmoja tu, pamoja na ndugu yake Gustav, kwenye sura ya kugawanywa kwa Afrika. Wanafunzi hukariri jina, wakajibu swali la mtihani, wakasahau. Hebu tumfuate polepole, tuanzie kwao.

Mji wa kasri na mahandaki

Zeitz ni mji wa zamani kweli kweli. Mwaka 968 ulifanywa makao ya askofu, wakati Mfalme Otto wa Kwanza alipokuwa akieneza utawala na Ukristo upande wa mashariki. Mwaka 1028 askofu alihamishiwa Naumburg, lakini kanisa kuu la Zeitz lilibaki. Ndani yake amezikwa Georgius Agricola, msomi maarufu wa madini aliyefariki mwaka 1555. Ukisomea jiolojia utakutana na jina lake.

Ubavuni mwa kanisa hilo lipo kasri la Moritzburg. Lilijengwa kati ya 1657 na 1678 na Mtawala Moritz, ambaye aliufanya mji huo kuwa makao yake. Siku hizi kasri ni makavazi, na sehemu inayovutia wageni wengi ni maonyesho ya vigari vya kusukumia watoto wachanga. Usicheke. Zeitz ndiko kiwanda cha kwanza cha vigari hivyo Ujerumani kilikoanzia mwaka 1846, kikiwa cha fundi Ernst Albert Naether. Katika enzi ya Ujerumani Mashariki, kiwanda cha Zekiwa mjini humo kilitengeneza vigari vilivyosambazwa nchi nyingi za Ulaya.

Chini ya mitaa kuna mahandaki. Wenyeji wa karne za kati waliyachimba chini ya nyumba zao ili kuhifadhi pombe mahali pa baridi. Mgeni anaweza kuteremka na kutembezwa humo, giza limemzunguka na jiwe limemwinamia. Juu, baadhi ya nyumba hazina watu. Baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990, viwanda vingi vilifungwa na vijana wakaondoka kutafuta kazi kwingine. Kwa hiyo kijana wa Garissa akifika pale hatashangaa sana. Naye anaujua mji ambao vijana wake huwaza kuondoka.

Mtoto wa mji usio na bahari

Clemens alizaliwa Zeitz mwaka 1852, na mdogo wake Gustav akafuata mwaka 1856. Mto unaopita mjini kwao, Weiße Elster, ni mto wa kawaida tu. Hauna mamba wala viboko. Bahari iko mbali, mamia ya kilomita. Wakati huo hata nchi inayoitwa Ujerumani haikuwepo, maana dola hiyo iliundwa mwaka 1871. Zeitz ilikuwa chini ya ufalme wa Prussia.

Lakini ujana wa Clemens ulikuwa wakati wa ramani. Katika mji wa Gotha, ambao pia hauko mbali sana, kampuni ya Justus Perthes ilikuwa ikichapisha jarida la jiografia la Petermann, na kila toleo lilikuwa na ramani mpya. Afrika kwenye ramani hizo ilikuwa na mistari ya pwani, na ndani yake nafasi kubwa nyeupe. Mwaka 1865 Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani aliyejaribu kupanda Kilimanjaro kabla ya Mzungu mwingine yeyote, aliingia Mto Juba kwa meli ya mvuke. Meli ikaharibika kwenye miamba juu ya Baardheere, naye akauawa huko pamoja na wenzake. Ndege fulani wa vichaka vikavu mwenye mdomo mkubwa, jamaa ya hondohondo, anayeonekana hadi leo Kaskazini Mashariki, amepewa jina la mtu huyo katika vitabu vya wataalamu wa ndege.

Kifo cha Decken kiliwaacha wasomi wa Ujerumani na swali. Kati ya Juba na Tana kuna nini? Je, mto gani unapandika hadi bara? Clemens Denhardt akawa miongoni mwa waliotaka kujibu.

Kuupanda Mto Tana

Katika miaka ya 1870 Clemens alifika Afrika Mashariki. Mwenzake alikuwa Dkt Gustav Adolf Fischer, daktari aliyekuwa akifanya kazi Unguja na ambaye alipenda ndege kuliko dawa. Mwaka 1878 waliupanda Mto Tana kutoka pwani.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Kipini kwenye Bahari ya Hindi. Kwenye ramani unaonekana kama barabara iliyonyooka kuingia bara. Ukiwa ndani ya mtumbwi mambo ni mengine. Mto unapinda na kujikunja, siku nzima inapita na bado unauona mti ule ule ulioupita asubuhi. Maji yakipungua kuna mchanga, yakijaa hujui ukingo uko wapi.

Wenye mto walikuwa Wapokomo, wakulima waliojua kila kona na kila mamba. Nyuma ya mashamba yao, kwenye nyika, kulikuwa na Waorma na ng'ombe wao. Mashariki zaidi walikuwepo Wasomali na ngamia wao, wakisogea kuelekea Tana kutafuta malisho. Na msituni waliishi Waboni, wawindaji. Kwa hiyo sehemu iliyokuwa nyeupe kwenye karatasi za Gotha ilikuwa na watu, visima vyenye wenyewe, njia zenye majina na deni la damu lililokumbukwa kwa vizazi.

Clemens na Fischer walifika Massa katika nchi ya Wapokomo, kusini mwa mahali ilipo Garissa ya leo, wakarudi. Hawakuona chanzo cha mto. Hata mji wa Garissa haukuwepo kuonwa. Lakini Clemens alifanya jambo moja ambalo wasafiri wengi wa wakati wake walilidharau. Aliuliza. Aliwahoji wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakienda bara kutafuta pembe za ndovu: ukitoka hapa unalala wapi, maji yako wapi, siku ngapi hadi kisima kinachofuata. Majibu yao akayageuza kuwa maandishi na ramani, na mwaka 1881 kazi hiyo ikachapishwa katika jarida la Petermann kule Gotha.

Hapo tusimame kidogo. Ujuzi ule ulikuwa wa nani? Wa Waswahili, Wapokomo na Wasomali waliozitembea njia hizo. Jina lililochapishwa lilikuwa la Denhardt. Fischer naye aliacha jina lake kwa ndege. Yuko shorobo mwekundu-kijani wa misitu ya pwani anayeitwa kwa jina lake, na kasuku mdogo wa Tanzania pia. Wenyeji waliobeba mizigo na kupiga kasia hawakuachiwa hata jina la jani.

Simba wa Witu

Aliporudi kwao, Clemens hakukaa kimya. Aliona Tana kuwa mlango wa biashara, na mlango unahitaji mwenyeji wa kuufungua. Kamati ya Tana ikaundwa Berlin kumtafutia pesa, kisha akarudi Afrika Mashariki pamoja na Gustav.

Mwenyeji aliyewafaa alikuwa Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana zaidi kama Ahmed Simba. Alikuwa wa ukoo wa Nabahani, waliotawala Pate kwa karne nyingi kabla ya Masultani wa Unguja kuwashinda. Ahmed alikataa kuinama. Alifukuzwa visiwani, akahamia bara, na mwishowe akajenga ngome yake Witu, ndani ya msitu mnene karibu na Tana. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia kwake. Wenye deni na wenye kesi nao wakaja. Kwa Sultani wa Unguja, Witu ilikuwa kiota cha wahalifu. Kwa watoro, ilikuwa mahali pa kwanza ambapo hakuna aliyewapigia kiboko.

Vitabu vingine huwachora watawala wa aina hii kama watu waliodanganywa kwa shanga. Ahmed hakuwa mjinga hata kidogo. Alijua kuwa Unguja ina urafiki na Waingereza, kwa hiyo akahitaji rafiki mwingine mwenye meli. Tayari mwaka 1867, Mjerumani Richard Brenner alipopita Witu akitafuta habari za safari ya Decken, Ahmed alikuwa ameomba ulinzi wa Prussia. Hakujibiwa. Kwa miaka karibu 20 alingoja.

Mnamo Aprili 8, 1885, jibu likaja likiwa na sura ya ndugu wawili kutoka Zeitz. Ahmed aliwapa kipande kikubwa cha ardhi, nao wakawa kiungo chake na Berlin. Mei 27 mwaka uo huo, Ujerumani ikatangaza kuwa Witu iko chini ya himaya yake. Kila upande uliamini umepata. Simba amepata ngao, Clemens amepata mlango.

Manowari mbele ya Unguja

Sultan Barghash wa Unguja alikasirika. Kwake Witu ilikuwa mali yake, na akatuma askari. Bismarck naye akatuma manowari. Agosti 1885 zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash. Msafara huo pia ulimleta dada yake mwenyewe, Sayyida Salme, aliyekuwa ametoroka Unguja miaka mingi kabla na kuolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Barghash akalazimika kukubali madai ya Wajerumani.

Angalia jinsi jambo dogo linavyokua. Mkataba wa ardhi katika msitu wa Witu, uliotiwa saini na mtu ambaye hakuwa balozi wala jenerali, sasa unaletewa mizinga. Clemens alikuwa raia wa kawaida. Lakini katika miaka hiyo raia wa kawaida mwenye karatasi aliweza kuisukuma serikali yake, kwa sababu serikali zenyewe zilikuwa zikitafuta kisingizio.

Tana yawa mpaka

Novemba 1, 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana maeneo ya ushawishi. Uingereza ikapewa eneo kati ya Mto Umba, kusini mwa Mombasa, na Mto Tana. Tana ikawa mwisho wa upande wa kaskazini. Witu ikabaki kwa Wajerumani, pamoja na sehemu yake ya pwani.

Sasa chukua ramani utazame mji wa Garissa. Uko ukingo upi wa Tana? Uko mashariki, ng'ambo. Ukivuka daraja kutoka upande wa Nairobi unakuwa umevuka mstari wa mwaka 1886. Kwa hesabu ya karatasi ile, Madogo iko ndani ya eneo la Waingereza na Garissa iko nje. Hakuna mchungaji hata mmoja aliyeambiwa.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1887 iliundwa kampuni ya Wajerumani ya Witu, nayo ikanunua sehemu ya haki za ndugu hao. Mwishoni mwa 1888 Wajerumani wakafungua ofisi ya posta Lamu. Jengo lake bado lipo na limefanywa makavazi madogo. Kampuni ya Waingereza na ile ya Wajerumani zikagombania ushuru wa bandari ya Lamu, na mwaka 1889 msuluhishi kutoka Ubelgiji akaamua kuwa Sultani wa Unguja ndiye mwenye haki ya kuamua ampe nani.

Mwaka huo huo Carl Peters alipitia Witu akaupanda Tana na kundi la watu wenye bunduki. Clemens alikuwa ameupanda mto ule akiuliza maswali. Peters aliupanda akichukua chakula kwa nguvu na kuua waliomzuia. Mlango alioufungua mmoja, mwingine aliupita kwa namna yake. Kisha Oktoba 22, 1889, Ujerumani ikatangaza himaya juu ya pwani yote kutoka Witu hadi Kismayu. Kwa karatasi, nchi yote ya nyuma ya pwani hiyo, ambayo leo ni Garissa na Jubaland ya kusini, ilikuwa ikiegemea Berlin.

Kisiwa kwa kubadilishana

Haikudumu hata mwaka mmoja. Machi 1890 Bismarck aliondolewa madarakani, na aliyemfuata, Caprivi, alitaka urafiki na London. Julai 1, 1890, mataifa hayo mawili yalitia saini mkataba mpya. Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa cha mwamba katika Bahari ya Kaskazini kisichofika kilomita mbili za mraba. Nayo ikaiachia Uingereza Witu, pwani hadi Kismayu, na madai yake yote ya ardhi kaskazini mwa Tana. Unguja nayo ikaingia chini ya ulinzi wa Uingereza.

Kwa maneno mengine, njia iliyoiweka ng'ambo ya Tana mikononi mwa Waingereza ilipitia madai yaliyoanzishwa na ndugu wa Zeitz. Bila madai hayo, Wajerumani wasingekuwa na cha kuachia upande huo. Na mwaka uliofuata, Machi 24, 1891, Uingereza na Italia zikakubaliana Mto Juba uwe mpaka kati yao. Jamaa wa ukoo mmoja wakawa watu wa himaya mbili huku wakinywesha ngamia mto mmoja.

Clemens alisikia habari hizo kama walivyosikia watu wa Witu, baada ya saini kukauka. Hakuulizwa.

Moto Witu

Ahmed Simba hakuishi kuyaona hayo. Alikuwa amefariki, na Fumo Bakari alikuwa ameshika nafasi yake. Jifikirie uko mahali pake. Mzee wako alitafuta rafiki kwa miaka 20, akampata, akampa ardhi. Sasa rafiki amekuuza kwa adui bila hata kukuaga.

Septemba 1890 Mjerumani mmoja aitwaye Andreas Küntzel alifika na wenzake kufanya biashara ya mbao. Ukazuka ugomvi langoni mwa Witu, risasi zikafyatuliwa, na Küntzel na wenzake kadhaa wakauawa. Waingereza, ambao sasa ndio walikuwa wenye dhamana, walituma kikosi cha wanamaji chini ya Admeri Fremantle. Mwishoni mwa Oktoba 1890 Witu ikatekwa na kuteketezwa. Fumo Bakari akakimbilia msituni. Mji ambao watoro waliuita kwao ukawa majivu.

Mali ya Denhardt nayo ikapotea humo. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu saini ya Aprili 1885.

Uzee wa Bad Sulza

Sehemu iliyobaki ya maisha ya Clemens ilikuwa ya kudai. Aliidai serikali ya nchi yake fidia ya ardhi na mali aliyopoteza Witu, na kesi hiyo ikamchukua miaka na miaka. Aliyewahi kuleta manowari kwa karatasi yake sasa alikuwa mzee wa kubisha hodi ofisi baada ya ofisi. Ukitaka kujua hali hiyo, muulize mtu yeyote wa Kaskazini Mashariki aliyewahi kufuatilia faili.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Ujerumani ilipoteza makoloni yake yote. Kila kitu alichokitaka Clemens kikawa hadithi. Alifariki Juni 1929 akiwa na umri wa miaka 76, katika Bad Sulza, mji mdogo wa maji ya chumvi katika Thuringia, mwendo mfupi tu kutoka Zeitz alikozaliwa. Safari iliyompeleka ikweta na kumrudisha ilimwachia karibu na pale alipoanzia.

Alikuwa mtu mbaya? Si rahisi kujibu. Hakuwa Peters, kumbukumbu yake haina damu ya namna ile. Alikaa na watu, aliwasikiliza, na urafiki wake na Ahmed Simba unaonekana ulikuwa wa kweli kwa kiasi. Lakini alifikiri kuwa mgeni anaweza kupewa nchi na mtu mmoja, kisha akaiandikisha kwa jina lake. Mtu huweza kuwa mpole na bado akafungua mlango ambao hawezi kuufunga.

Kilichobaki kwetu

Karatasi ile haikufa na Clemens. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland pamoja na Kismayu. Mpaka ukasogezwa magharibi, ukapita karibu na Liboi, na Garissa, Wajir na Mandera zikabaki upande wa Kenya. Katika ukoloni, wilaya hizo za kaskazini zilifungwa. Watu walihitaji kibali kuingia na kutoka. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza ilizunguka kuuliza wakazi wanataka nini, na Wasomali wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Kenya ikapata uhuru 1963 mipaka ikiwa vile vile. Vita vya Shifta vikafuata hadi 1967, na makovu yake wazee wetu wanayo.

Hata sisi vijana yametufikia. Kwa miaka mingi kijana wa kaunti za mpakani akitimiza miaka 18 aliwekwa mbele ya kamati ya kumhoji: baba yako nani, babu yako nani, mlikuwa mkiishi wapi. Mwenzake wa Nyeri au Kisii alijaza fomu akaenda zake. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomesha mahojiano hayo ya ziada. Bila kitambulisho hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna Ujerumani wala Zeitz. Mtu anaulizwa athibitishe kuwa yeye ni wa upande huu wa mstari, ilhali mstari wenyewe ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kuuona.

Ndiyo maana nasema, ukipata bahati ya kwenda, nenda Zeitz. Tembea kwenye mahandaki, ingia kasri, utazame vigari vya watoto. Kisha keti kando ya ule mto wao mdogo ufikirie mvulana aliyeuangalia akaota mto mkubwa zaidi. Kuota si kosa. Nawe umefika hapo kwa sababu uliota.

Na kama Zeitz ni mbali mno kwa sasa, Lamu iko karibu. Ile posta ya Wajerumani imo katikati ya mji. Kipini pia ipo, pale Tana unapomaliza safari, na Witu yenyewe bado ni mji wenye watu. Ukifika, waulize wazee habari za Simba. Ila safari hii, chochote watakachokuambia, kiandike pamoja na majina yao.